Ukurasa Ulioandikwa Kabla ya Moto

Maabara ya Silaha,
3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi saba. Ulinifundisha kwamba asiyeandika hana sababu, ana visingizio. Basi sileti hata kimoja. Nimekukosea, na leo naandika kwa sababu nimeona jambo ambalo siwezi kulisimulia kwa simu.

Mjomba, nimeona chuma kikikumbuka.

Tuliletewa bastola iliyoopolewa mtaroni, nyuma ya duka la dawa. Mwenye duka, mama wa watoto wawili, aliuawa saa nne asubuhi kwa kuwa alichelewa kuinua mikono. Aliyemfyatulia amekamatwa na amekiri. Lakini polisi wanamshikilia pia mtu mzito kuliko huyo. Wanamwita Mkodishaji. Anasemekana kuwakodisha wahalifu silaha katika nchi zaidi ya moja, kisha huzichukua tena, kama jirani anayeazimisha ngazi. Yeye anacheka tu. Anasema bastola hiyo hajapata kuiona, na mpaka sasa hakuna kinachoifungamanisha naye.

Namba ya bastola ilikuwa imesuguliwa kwa tupa mpaka pakang'aa kama kijiko. Nilikaa masaa matatu nikilisafisha lile bapa la chuma, kisha nikaanza kupaka asidi kwa pamba, taratibu, kwenda na kurudi. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Dakika ya nne, pakatokea kitu chembamba kama kivuli cha unywele. Kisha ikapanda tano. Ikapanda nane. Muhuri ukipiga chuma, kipigo huzama chini kuliko jicho linavyofika. Msuguaji huondoa alama, lakini kipigo hubaki humo ndani kikingoja. Namba zikasimama zote tano kwa muda wa pumzi chache, nikapiga picha, zikafifia mbele ya macho yangu: 58417.

Mkuu wangu wa maabara alisimama kando yangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaondoka.

Mtindo wa muhuri ni wa kwetu nyumbani, wa ghala lako la zamani. Nimetuma ombi la ufuatiliaji kwenye mtandao wa pamoja. Nchi kumi na moja zinaulizana humo kama majirani wanaomtafuta mbuzi mmoja. Huenda jibu likaja na mwandiko wako juu yake! Hapa hawaamini ninapowaambia kwamba nilijifunza kusoma namba nikiwa nimekaa chini ya meza ya mtunza ghala.

Msalimie Mama.

Mpwa wako,
Maswali

*

Nyumbani,
19 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba. Barua yako imefika, na ukimya wako umesamehewa. Umeandika "masaa matatu". Neno ni "saa", hata zikiwa mia. Mtu anayesoma namba zilizofutwa asishindwe na neno lililo wazi.

Sisi hatujambo. Mama yako wa kulea anakusalimu na anauliza kama unakula. Goti langu la kulia linanitabiria mvua kwa hakika kuliko redio. Nimebadilishiwa miwani.

Kuhusu ile namba, isome tena. Asidi ina hila. Moja na saba hukaribiana, na tano hupenda kuvaa sura ya sita. Nilisoma namba za silaha miaka thelathini na mmoja, nami najua jinsi jicho linavyoona linachokitaka. Usiweke jina lako chini ya jambo usilokuwa na hakika nalo. Hakuna aibu katika kuandika "haikusomeka".

Maembe yameisha, na paa la jikoni limezibwa.

Mjomba wako

*

Maabara ya Silaha,
14 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Jibu rasmi limekuja kutoka nyumbani, na kweli limekuja na mwandiko wako.

Wameniletea nakala ya ukurasa wa 212 wa daftari la uteketezaji. Bastola mia tatu na arobaini, zilizokamatwa na zilizochakaa, zimeteketezwa katika tanuri la kiwanda cha chuma tarehe 9 Oktoba, miaka ishirini na mmoja iliyopita. Mstari wa 337 unasema: 58417, imeteketezwa. Hakuna doa wala herufi iliyoinama. Chini kuna saini yako. Niliutazama ukurasa huo nikahisi nimesimama mlangoni pa nyumba yetu. Kisha nikasoma barua iliyoambatana nao: "Silaha hiyo haipo. Namba imesomwa vibaya."

Nilikumbuka onyo lako, nikajitilia shaka kwa wiki nzima. Mwishowe nikazituma picha zangu kwa wataalamu wa nchi mbili, watu nisiowahi kuwaona sura, bila kuwaambia nilisoma nini. Kila mmoja alisoma peke yake, kwa lenzi yake. Mmoja alijibu baada ya siku mbili, mwingine baada ya nne. Wote wawili: 58417.

Sasa nina kitu kilichoungua na ambacho kimelala kwenye droo yangu.

Wakili wa Mkodishaji amepata barua ile. Anasema maabara yetu inasoma mizimu. Kesi itasikilizwa tarehe 16 Juni. Namba ikikataliwa, hakuna njia nyingine ya kujua bastola ilitoka wapi na kwa mkono wa nani, na Mkodishaji atakwenda zake nyumbani. Mjomba, je, kuna daftari la pili? Kuna ukurasa uliosahihishwa baadaye? Kuna mtu aliyeiga mwandiko wako?

Lazima nikueleze jambo moja wazi. Nimemwarifu mkuu wangu kwamba saini ile ni ya aliyenilea. Ameniruhusu kukuandikia kwa sharti moja: lolote utakalonijibu kuhusu bastola hii litaingia jaladani. Basi fikiri kabla hujaandika. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Maabara ina baridi, na mkono wangu wa kushoto unauma pale ulipovunjika nilipoanguka kutoka ukuta wa shule. Leo nilikumbuka ulivyoingia hospitali siku ile: masizi usoni, kalamu imechomekwa sikioni, ukamwambia muuguzi, "Huyu ni wangu." Ndiyo siku pekee niliyopata kukuona umeiacha kazi.

Mpwa wako,
Maswali

*

Nyumbani,
20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mwandiko wangu unaujua, ni wa kuku anayetafuta punje, usinicheke. Mjomba wako hajui kwamba nakuandikia.

Mwanangu, umemwandikia nini huyu mzee? Tangu barua yako ije, ameketi mezani kama aliyepigwa misumari. Amenunua chupa mpya ya wino. Anaandika mistari miwili, anachana karatasi. Huyu! Mtu aliyenigombeza mwaka mzima kwa kufungia vitunguu karatasi iliyokuwa na upande mmoja mweupe!

Nikimwuliza, ananijibu, "Nipishe." Nikamwambia, "Nikupishe niende wapi, na nyumba ni hii moja?" Hakucheka. Zamani angalau angenisahihisha.

Juzi ameniuliza, "Yule mtoto alivunjika mkono tarehe ngapi?" Nikamjibu, "Wewe ndiye bwana daftari, unaniuliza mimi?" Lakini nikaenda kabatini, nikaitoa kadi yako ya hospitali, ninayo mpaka leo. Tarehe tisa Oktoba. Nikamsomea. Akasema, "Basi." Nikamwuliza, "Basi nini?" Akainuka, akaenda kusimama uani, akautazama ukuta kana kwamba umeandikwa.

Mimi sijui mambo ya bunduki. Najua mume wangu. Ana kitu kimemkaa kooni, na si mwiba wa leo.

Mwandikie kwa upole. Na ule.

Mama yako wa kulea

*

Maabara ya Silaha,
2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua ya Mama imenifikia. Usimgombeze.

Niliiweka mezani pamoja na nakala ya ukurasa wa 212. Tarehe 9 Oktoba huku, tarehe 9 Oktoba huku. Nilikaa nikizitazama mpaka wenzangu walipoondoka kwenda kula na waliporudi.

Nilidhani nimekuudhi kwa "masaa". Nilidhani unaumwa. Hata mara moja sikudhani kwamba uliponiambia asidi ina hila, ulikuwa unaijua namba ile kabla sijakuandikia.

Sikuulizi neno. Siwezi kukuomba uandike, kwa sababu mimi ni mtumishi wa kesi hii. Na siwezi kukuomba usiandike, kwa sababu mimi ni mtoto wako. Barua ya Mama nimeiweka jaladani.

Nikuambie tu ninachokiona. Binti mkubwa wa yule mwuza dawa huja kila shauri linapotajwa. Ana umri wa miaka kumi na tisa. Ndiye anayefungua duka sasa. Hukaa benchi la pili, mikoba miwili mapajani, wake na wa mama yake. Mkodishaji huja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, huwaamkia mawakili kila mmoja kwa heshima, na hutoka amepumzika kuliko alivyoingia.

Mpwa wako daima,
Maswali

*

Nyumbani,
11 Mei

Mpwa wangu,

Barua hii iweke jaladani. Nimeiandika mara moja, bila rasimu, na popote nilipokosea nimekata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke.

Katika ghala letu kulikuwa na utaratibu ambao niliuanzisha mwenyewe na nikasifiwa kwa ajili yake. Kiwandani kuna joto, masizi na jasho. Daftari likiandikwa pale, huharibika. Mimi sikuvumilia daftari chafu. Kwa hiyo siku moja kabla ya uteketezaji nilikaa ofisini kwangu, kwenye meza tulivu, nikaandika orodha yote: namba, aina, na neno "imeteketezwa". Nikatia na saini, kwa mkono uliotulia. Siku ya pili nilisimama mbele ya tanuri na kuita namba kwa sauti, na kila bastola ikatupwa ndani mbele ya macho yangu. Niliamini kwamba kuandika kwanza na kutenda baadaye ni kitu kimoja, maadamu mtendaji ni mimi.

Tarehe 9 Oktoba tulikuwa na masanduku kumi na nane. Tuliteketeza kumi na saba. Kabla ya la kumi na nane kufunguliwa, akaja mtu mbio: mtoto wako ameanguka, hajitambui, yuko hospitali. Sanduku hilo lilikuwa na bastola kumi na mbili, 58409 hadi 58420. Nilimwambia msimamizi wa tanuri, "Malizieni." Alikuwapo pia dereva wa lori la kiwanda, kijana mchangamfu tuliyemwita Kiberiti kwa sababu hakukosa sigara mdomoni. Yeye akaniambia, "Nenda kwa mtoto, Mzee Wino. Sisi tupo." Nikaenda.

Asubuhi yake msimamizi alisema, "Tumemaliza." Nikalifungua daftari. Lilikuwa limeshasema hivyo tangu juzi yake. Sikuwa na mahali pa kuandika shaka.

Lingeishia hapo, ningesema nilidanganywa. Haliishii hapo. Mwaka mmoja baadaye nilikwenda kiwandani kwa shughuli nyingine, nikakuta mafundi wanahifadhi misumari katika sanduku la mbao. Ubavuni lilikuwa na namba 18, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wangu. Masanduku yale yalipaswa kuungua pamoja na vilivyomo. Nilimwita msimamizi pembeni.

"Hili limetoka wapi?"

Akacheka. "Mzee Wino, daftari lako linasemaje?"

"Linasema zimeteketezwa."

"Basi zimeteketezwa."

Kiberiti wakati huo alikuwa ameacha kazi, na hakuna aliyejua alikokwenda. Msimamizi alifariki miaka sita iliyopita. Nilirudi ofisini, nikafungua ukurasa wa 212 na kuutazama. Kuukata kwa mstari kulihitaji dakika moja. Nilikuwa nimetumikia miaka mingi bila mkato hata mmoja, na wageni waliletwa kuliona daftari langu. Nikalifunga. Nikajiambia kwamba sanduku si ushahidi.

Uliponiandikia mwezi Februari, niliijua namba ile kabla sijamaliza kusoma mstari. Nikakuambia macho yako yamekosea. Hilo, mpwa wangu, nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu safari hii sikuwa na haraka ya hospitali.

Usijitwike jambo hili. Mtoto huanguka ukutani. Ndiyo kazi ya kuta na watoto. Kwenda hospitali kulikuwa haki. Kosa lilikuwa limeshaandikwa siku moja kabla.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa wakubwa wa ghala. Nikiitwa kwenye kesi, nitakuja.

Mjomba wako

*

Maabara ya Silaha,
25 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Barua yako ilisomwa na mkuu wangu, kisha kwa ruhusa yake nilituma kwenye mtandao wa pamoja taarifa fupi: namba 58409 hadi 58420 zisihesabiwe tena kuwa zimeteketezwa, mwenye habari yoyote aseme. Nilidhani nitangoja wiki kadhaa. Nilikwenda kunawa mikono. Niliporudi, kulikuwa na majibu mawili.

Kufikia jioni ya siku ya tatu yalikuwa sita. Mjomba, bastola saba kati ya kumi na mbili, pamoja na yetu, zilikwisha kupatikana katika nchi nne. Moja ilikutwa ndani ya gunia la mkaa. Moja ilitumiwa benki. Moja ilikutwa chini ya mto wa marehemu. Kwa miaka yote hii, kila nchi iliuliza peke yake, na kila moja ilijibiwa kwa ukurasa ule ule: haipo, mmesoma vibaya. Hawakujuana. Kila mmoja aliitia picha yake droo ya chini na kudhani ni yeye tu aliyekosea. Sasa wamefungua droo zote kwa wiki moja. Nimeziweka picha zile saba mezani kwa mfuatano, zilizosomwa na watu wa lugha tofauti, kwa asidi tofauti, na zinafuatana kama watoto wa tumbo moja. Mkuu wangu aliwaita hata wafagizi waje kuona. Tulisimama tumeizunguka meza.

Mtaalamu mmoja ameniandikia kwamba miaka tisa iliyopita alisoma 58411 na akakataa kubadili neno. Waliona macho yake yamechoka, wakamwondoa kwenye darubini, wakampa kazi ya kupanga majalada. Amesema hivi, nami nakunakilia: "Mwambie mzee huyo kwamba leo wamenirudisha mezani kwangu. Sikujua kama nimkasirikie au nimshukuru, kwa hiyo nimekaa kwanza."

Kuna jambo jingine. Polisi walitafuta leseni za zamani za Mkodishaji. Alipata kuwa dereva wa lori katika kiwanda cha chuma. Nakuletea picha yake katika bahasha hii. Sitaki kukuambia cha kuona.

Hati ya kukuita imetumwa kwa njia rasmi. Wakubwa wa nyumbani wamekubali usafiri. Wamesema shauri lako wewe watalitazama utakaporudi. Chukua koti. Baridi ya huku haina adabu.

Mpwa wako,
Maswali

*

Nyumbani,
30 Juni

Mpwa wangu Maswali,

Nimefika salama. Nimekuja na lile koti lako uliloniazima, ambalo mama yako amelijaribu na hataki kulivua.

Mambo mengi sikuweza kukuambia ana kwa ana. Nilikuwa mgeni wako, na shahidi hapaswi kuzungumza na maabara nje ya utaratibu. Sasa kesi imekwisha, nayaandika.

Siku ile ulipotupitisha maabarani kwa ruhusa ya mkuu wako, mimi na wale wataalamu wawili waliosafiri, uliniweka mbele ya darubini yenye vioo viwili na kusema, "Tazama, Mjomba." Upande mmoja ganda la risasi lililookotwa dukani, upande mwingine ganda ulilofyatua wewe kutoka bastola ile ile. Ukazungusha kitufe, na mikwaruzo ya upande huu ikaja kukutana na mikwaruzo ya upande ule, mstari kwa mstari, bila pengo, mpaka nikashindwa kuona mpaka uko wapi. Nilishika silaha miaka thelathini na mmoja. Sikujua kwamba kila moja hutia saini yake katika kila inachokitupa, na kwamba saini hiyo haitiwi kamwe kabla ya tendo. Nilisimama pale kama mwanafunzi. Ulidhani goti linaniuma ukaniletea kiti. Halikuwa goti.

Sikujua pia kwamba dunia ina watu wa namna ile. Yule bibi mwenye lenzi, mmoja wa wale wawili, alisafiri siku mbili ili aseme mahakamani sentensi moja: "Nilisoma 58417, na sikuambiwa na mtu." Kisha akarudi kwao siku mbili. Sikuielewa lugha yake. Tulipopishana ukumbini aliinamisha kichwa, nami nikainamisha changu, na nilihisi tumezungumza.

Katika picha uliyoniletea nilikuwa nimemtambua Kiberiti, lakini picha ni kitu kingine. Nilipoingia mahakamani, yule mtu akainuka kizimbani, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee Wino! Shikamoo." Ulimi wangu uliitikia "marahaba" kabla sijauzuia. Wakili wake aligeuka na kumtazama kwa macho makali kama sindano. Mkodishaji aliyesema kwamba hajui lolote kuhusu ghala langu alinitaja kwa jina nililokuwa nikiitwa ghalani na kiwandani tu. Heshima yake ndiyo iliyomponza. Karani aliandika yote, na akaandika "masaa" mara mbili. Siku ile sikuwa na haki ya kumsahihisha mtu.

Wakili aliniuliza, "Kwa hiyo, mzee, wewe ni mwongo?"

Nikajibu, "Ndiyo. Katika ukurasa wa 212, mistari kumi na miwili."

"Na mahakama itajuaje kwamba leo husemi uongo mwingine?"

"Zamani niliandika jambo kabla halijatokea. Leo nasema jambo baada ya kutokea."

Wewe ulikuwapo, ulisikia hukumu. Namba imekubaliwa, na Mkodishaji hakwenda nyumbani. Usilolisikia ni hili. Tulipotoka, yule binti wa mwuza dawa alinifuata hadi ngazini na ile mikoba yake miwili. Hakuniamkia.

"Babu, ulijua?"

"Nilishuku, mwanangu."

"Kuna tofauti gani?"

Nimesoma sarufi ya lugha hii tangu utotoni. Nilimwambia, "Hakuna." Akatikisa kichwa kwa kukubali, kana kwamba nimelipa swali haki yake, akaenda kufungua duka. Ilikuwa saa nane mchana na wateja walikuwa wanangoja.

Nimechora ukurasa mpya. Nimeandika namba kumi na mbili, kila moja na mstari wake. Kwenye saba nimejaza mahali na tarehe zilipopatikana. Mitano iko mitupu. Zamani mstari mtupu ungeninyima usingizi. Sasa naitazama kila asubuhi, na inanitisha, na siijazi. Ukisikia moja imepatikana popote, niletee, nami nitaandika siku hiyo.

Kamati ya uchunguzi inakaa kunihusu tarehe 8 mwezi ujao. Wanaweza kunisamehe kwa uzee, wanaweza kunifikisha mahakamani. Majirani wanasema litapita. Mama yako ameshapanga begi dogo, sabuni na soksi, na amelificha nyuma ya mlango akidhani sijaliona. Jana aliniambia, "Mwandikie mtoto kwamba yatakwisha vizuri, apate kulala." Nikamwambia sitaweza. Akasema, "Neno moja tu, wewe mzee mgumu! Litakugharimu nini?" Nikamwonyesha ukurasa wa namba kumi na mbili. Akaketi kando yangu, akausoma mpaka chini, na hakunisihi tena.

Kwa hiyo, Maswali, sikuambii yatakwishaje. Watakapokuwa wameamua, na mimi nimeusikia uamuzi kwa masikio yangu, nitarudi kwenye meza hii, nitafungua wino, na nitakuandikia.

Mjomba wako